Kompyuta Haichori Yenyewe: Kweli na Uongo Kuhusu Katuni Zetu

Jirani na stendi ya Sanya Juu, pale magari ya Boma Ng'ombe yanapogeuzia, pana kibanda cha kuingiza nyimbo na filamu kwenye simu. Mlangoni kuna televisheni ndogo inayowaka mchana kutwa. Jioni watoto wakitoka shule husimama pale na mabegi yao mgongoni, macho kwenye kioo, mpaka mama mmoja anayerudi sokoni awaite kwa majina. Nami husimama nyuma yao. Kazi inayonipa ugali ni kuchora mabango na kuta za maduka, kwa hiyo siwezi kupita penye mchoro unaotembea bila kuutazama ulivyochorwa.

Hapo kibandani ndipo nilipozisikia nyingi kati ya kauli ninazozijibu hapa. Husemwa na watu wazima wenye heshima zao, na husemwa kwa uhakika. Baadhi zina ukweli ndani yake, nyingine hazina hata punje. Nimeona nizichukue moja moja kwa sababu watoto wanaosikiliza huzibeba zilivyo, na kati yao yumo mmoja anayeshika penseli vizuri kuliko nilivyoishika mimi nikiwa na umri wake.

"Siku hizi kompyuta inachora yenyewe. Mtu anabonyeza tu."

SI KWELI.

Katuni ni picha tuli zinazofuatana upesi hadi jicho linaziunga zikawa mwendo. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Wachora katuni mara nyingi hupunguza kazi kwa kuacha kila mchoro ukae fremu mbili, kwa hiyo hubaki michoro 12 kwa sekunde. Dakika moja ni michoro 720.

Hesabu hii niliifanya kabla ya kuijua. Nikiwa darasa la tano nilimchora punda kwenye pembe ya daftari la hisabati. Karatasi ya kwanza mguu wa mbele umeanza kuinuka, ya pili umepanda kidogo, ya tatu kidogo tena, hivyo hivyo hadi jalada la mwisho. Ukiziachia kurasa kwa kidole gumba, punda anatembea. Daftari la kurasa 96 lina karatasi 48, kwa hiyo punda wangu alitembea sekunde nne akafika mwisho wa safari yake. Nilichapwa kwa kuchafua daftari. Lakini sekunde nne zile zilinifundisha bei ya kitu hiki: dakika moja tu ya punda ingemaliza madaftari 15.

Kompyuta inaingia hapo. Mguu ukishachorwa, inauhifadhi ili usichorwe upya mara mia. Inajaza rangi eneo zima kwa mguso mmoja. Inakuruhusu kurekebisha bila kufuta hadi karatasi ikatoboka. Ila haikuwahi kukaa barabarani ikaona jinsi punda aliyechoka anavyoshusha shingo, au jinsi mwenye mzigo wa majani anavyoupima mguu kabla ya kukanyaga jiwe. Hayo huamuliwa na mtu aliyemtazama punda. Zimekuja sasa programu za akili unde zinazotoa picha ukiziandikia maneno, na vijana hunionyesha kwenye simu zao. Hizo nazo zilijifunza kutoka kwenye picha za watu. Na katuni ninazozitaja hapa chini hazikutengenezwa hivyo. Zilitengenezwa na watu waliokaa vitini wakapinda migongo, fremu baada ya fremu.

Ukitaka kuonja kazi yenyewe, simama mbele ya kioo useme "Kilimanjaro" polepole. Midomo inatanuka kwenye ki na li, inafungana mara moja tu kwenye ma kisha inaachama, inaachama tena kwenye nja, halafu inaviringika kwenye ro. Mchoraji wa katuni ana seti ya midomo aliyoiandaa kabla: uliofungwa kwa m, b na p, ule wa meno ya juu kugusa mdomo wa chini kwa f na v, na mmoja mmoja kwa kila irabu. Anasikiliza sauti ya mwigizaji na kuupandisha mdomo unaofaa kwenye kila silabi. Kiswahili kinamfaa, kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu na mdomo hupata mahali pa kupumzika. Mtoto hawezi kukueleza kwa nini katuni iliyowekewa sauti za lugha nyingine inamchosha, lakini jicho lake limeshaona kwamba mdomo na neno havikutani.

"Zamani ilikuwa mikono mitupu. Mashine zimeingia juzi."

SI KWELI.

Mwaka 1926 mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alikamilisha filamu ndefu ya Mwanamfalme Achmed, akichota visa vya Alfu Lela Ulela. Hakuchora maelfu ya picha. Alikata vikaragosi kwa mkasi kutoka kwenye karatasi nyeusi, akavitia viungo vya bega, kiwiko, nyonga na goti kwa waya, akavilaza juu ya kioo chenye taa chini yake. Alikuwa akisogeza kidogo, anapiga picha, anasogeza tena. Kazi ilimchukua miaka mitatu. Viweke akilini viungo hivyo vya waya, tutavikuta tena Nairobi.

Kampuni ya Disney nayo ilianza kutumia mashine ya Xerox kunakili michoro ya penseli ya wachoraji moja kwa moja kwenye plastiki angavu, na filamu ya mbwa wa madoa 101 ya mwaka 1961 ikatengenezwa kwa njia hiyo. Kabla ya hapo kila mstari ulikuwa ukirudiwa kwa wino na mkono wa mtu mwingine. Mwaka 1990, katika "The Rescuers Down Under", rangi zote zikawa zimepakwa ndani ya kompyuta ingawa michoro ilikuwa ya penseli. Mkono na mashine vimeishi nyumba moja muda mrefu kuliko umri wa wengi wetu.

"Ile Lion King ya kwanza ilichorwa kwa mkono yote."

NUSU YA UKWELI.

Simba, Rafiki na Pumbaa, wenye majina tuliyowakopesha sisi, walichorwa kwa mkono, na waliotengeneza filamu hiyo ya 1994 walikuja Kenya, wakatembea Hell's Gate na kuchora miamba na nyasi za Bonde la Ufa. Lakini iko sehemu moja ambayo mkono ungeshindwa: nyumbu wanaporomoka korongoni na Mufasa anakufa. Aliyewahi kusimama Serengeti nyumbu wakivuka anajua kundi lile lilivyo. Nani angechora mamia ya wanyama, kila mmoja na miguu yake minne, kila sekunde mara 12?

Wakamchora nyumbu mmoja kwa penseli ili wajue mwendo wake. Kisha wakamjenga ndani ya kompyuta, wakamzalisha kundi, na programu ikawapa kila mmoja njia yake wasigongane. Mwisho wakawapaka rangi na mistari ili wafanane na Simba wa penseli aliye mbele yao. Dakika mbili na nusu hivi za filamu zilikula karibu miaka mitatu. Wanaoipinga kauli hii kibandani mara nyingi wanaikumbuka Lion King ya 2019, ambayo ni ya kompyuta na imetengenezwa ionekane kama wanyama halisi. Ni filamu mbili tofauti. Mimi nimezitazama zote, na ni ile ya kwanza iliyonifanya nirudi nyumbani nikatafute karatasi.

"Tinga Tinga Tales ni katuni ya Kitanzania."

NUSU YA UKWELI, na hapa nitakaa kidogo.

Jina na sura ni vya Dar es Salaam. Mikono iliyoitembeza ilikuwa Nairobi. Kampuni iliyoiandaa, Tiger Aspect, ni ya London, na aliyeibuni ni Mwingereza Claudia Lloyd. Studio iliyofanya kazi ya katuni iliitwa Homeboyz Animation, na makumi ya vijana wa Kenya walipata ajira humo. Muziki ulitungwa na Eric Wainaina. Vipindi ni 52, kila kimoja dakika 11, na watoto wa Uingereza walianza kuviona mwaka 2010 kwenye CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC.

Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limebebwa hivyo, alizaliwa kusini, upande wa Tunduru, mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na picha zake zikawa zinauzwa Oysterbay. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa, akiwa amechora miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake ndio waliouendeleza mtindo.

Rangi hiyo mimi naijua kwa vidole. Ndiyo ninayoandikia "Karibu" kwenye milango ya maduka. Inang'aa, inashika hata kwenye bati, lakini haina subira na vivuli. Ukijaribu kulainisha mpaka kati ya kivuli na mwanga, unapata tope. Kwa hiyo inakulazimisha ufanye uamuzi. Hapa ni njano, pale ni nyeusi, kati yake mstari. Ukitaka chui, unapaka mwili mzima rangi moja, unauacha ukauke hata siku nzima, kisha unadonoa madoa moja baada ya jingine kwa ncha ya brashi. Jicho kubwa, duara ndani ya duara. Mkia unapanda juu na kujikunja kwa sababu ubao ni wa mraba na pembe haipendezi ikibaki tupu.

Sasa mtazame chui huyo kwa jicho la mtu wa katuni. Hana kivuli. Mistari yake ni thabiti. Rangi zake ni bapa. Unaweza kumtenga kichwa, shingo, kiwiliwili, miguu na mkia, na kila kipande kikabaki kizuri peke yake. Kikaragosi cha Reiniger kimerudi, ila safari hii waya umekuwa programu: mchoro unawekwa kwenye kompyuta, kila kiungo kinapewa mahali pa kuzungukia, na mtengeneza katuni anakisogeza fremu kwa fremu. Mchoro wenye vivuli vya kisanii ungeharibika kila kiungo kikisogea, maana kivuli kingebaki upande usio na mwanga wake. Wa Tingatinga hauharibiki. Aliyechagua mtindo huu kwa ajili ya katuni alichagua vizuri, na uzuri huo ulitokana na umaskini wa kopo la rangi ya baiskeli.

Na hesabu zake? Vipindi 52 vya dakika 11 ni dakika 572. Kwa michoro 12 kwa sekunde ingekuwa michoro 411,840, au madaftari yangu 8,580. Hakuna studio changa Afrika Mashariki ambayo ingemaliza kazi hiyo kwa penseli peke yake. Viungo vya kompyuta ndivyo vilivyoiwezesha Nairobi kufanya kazi ambayo awali ilikuwa ya miji mikubwa ya Ulaya na Marekani.

Basi tujivunie, lakini tujivunie kilicho chetu. Sura ilitoka kwetu. Ujuzi wa kuitembeza, pamoja na mishahara yake, ulikaa kwa jirani. Silalamiki kwa sababu jirani alipata. Vijana wa Nairobi walikesha wakajifunza na wanastahili. Nasema tu kwamba mtindo wa kuchora ukitoka nyumbani bila wachoraji wenyewe kujua kuutia viungo, utatembea kwa miguu ya watu wengine.

"Akili ni mtoto wa huku kwetu."

KWELI, lakini.

"Anko, huyu Akili anakaa Siha au Rombo?" Mtoto mmoja aliniuliza hivyo jioni moja huku kioo kikionyesha wimbo wa namba. Nilimjibu kwamba kwenye hadithi, Akili ana miaka minne na anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila akilala huingia katika nchi ya ndoto iitwayo Lala Land, na huko anajifunza herufi, namba na rangi na marafiki zake wanyama. Upande gani wa mlima sikuweza kumwambia. Aliamua mwenyewe kwamba ni Siha, yaani huku kwetu, na sikumpinga.

Ila studio inayomtengeneza Akili iko Dar es Salaam. Inaitwa Ubongo, ilianzishwa mwaka 2013, na waanzilishi wake ni Mmarekani Nisha Ligon pamoja na Watanzania, miongoni mwao Cleng'a Ng'atigwa, Rajabu Semtawa na Arnold Minde. Kipindi chao cha kwanza, "Ubongo Kids", kilianza kuonekana TBC mwezi Januari 2014, kwa Kiswahili, kikifundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na visa. Walikuwa na jambo moja nililolipenda mno: mtoto aliweza kujibu maswali ya kipindi kwa ujumbe mfupi, kwa simu ile ile ya tochi aliyonayo bibi. Hawakungoja kila nyumba ipate intaneti. "Akili and Me" ilikuja baadaye kwa ajili ya wadogo zaidi. Leo vipindi vyao vinasikika pia kwa Kinyarwanda, Kihausa, Kifaransa na lugha nyingine.

Mtazame Akili vizuri utakapopita kibandani. Ni mchoro bapa, mistari safi, rangi zisizo na kivuli kirefu. Ni binamu wa yule chui wa hadibodi kwa namna ya kujengwa: sehemu za mwili zilizochorwa mara moja vizuri, kisha zikatembezwa na kompyuta. Studio ndogo yenye vipindi vingi vya kutoa haiwezi kuishi kwa njia nyingine. Na bado nyusi zake zinapopanda kwa mshangao, kuna mtu aliyejitazama kwenye kioo cha mezani akajua zipande kiasi gani.

"Katuni zinadumaza akili ya mtoto."

SI KWELI kwa katuni zilizotengenezwa kwa ajili ya kufundisha. Mtafiti Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliongoza utafiti Morogoro, uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha zaidi ya watoto 500 wa elimu ya awali. Baadhi walionyeshwa "Akili and Me" kwa majuma kadhaa, wengine wakaonyeshwa vipindi vingine. Waliomtazama Akili walifanya vizuri zaidi katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na hata katika kuchora. Hilo la mwisho ndilo ninalowaambia wazazi wanaokuja kumtoa mtoto kibandani kwa hasira. Mtoto aliyekaa mbele ya katuni nzuri anajifunza pia namna mduara unavyofungwa.

Sisemi mtoto akae mbele ya kioo kutwa. Ng'ombe hawajichungi. Nasema mzazi aulize ni katuni gani, kama anavyouliza ni chakula gani.

"Afrika imeanza kutengeneza katuni juzi."

SI KWELI. Ndugu wa familia ya Frenkel walitoa katuni ya Mish Mish Effendi nchini Misri mwaka 1936. Moustapha Alassane wa Niger alikuwa anatengeneza zake katika miaka ya 1960. Jirani zetu Kongo walikuwa na Jean-Michel Kibushi, ambaye filamu yake ya chura aliyekwenda ukweni ilitoka mwaka 1991. Na hapa Tanzania, ingawa hazikutembea, katuni za Chakubanga za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru zilifundisha kizazi kizima kusoma uso wa mtu kwa mistari mitano.

"Bila mji mkubwa na mamilioni ya dola haiwezekani."

SI KWELI, na hii ndiyo kauli ninayoipiga vita kwa moyo wote, kwa kuwa inamfikia mtoto wa Sanya Juu moja kwa moja.

Kilkenny ni mji mdogo wa Ireland usiofikisha watu 30,000. Mwaka 1999 Tomm Moore, Nora Twomey na Paul Young walianzisha huko studio ya Cartoon Saloon. Hawakuhamia Dublin, wala London. Wakachukua mapambo ya vitabu vya kale vya nchi yao na hadithi za wazee wao, wakachora kwa mkono, kompyuta ikawasaidia kupaka rangi na kuunganisha. "The Secret of Kells" ya 2009 ikateuliwa kuwania Oscar, na zilizofuata zikateuliwa pia. "Wolfwalkers" ya mwaka 2020 inawaacha watazamaji waione mistari ya penseli ya kwanza, ile ya kutafutia umbo, ambayo wengine huifuta kwa aibu. Mara ya kwanza nilipoiona mistari hiyo kwenye kioo nilinyamaza. Nilikuwa nimefundishwa kwamba ni uchafu.

Karibu zaidi, Mkenya Ng'endo Mukii alitengeneza "Yellow Fever" mwaka 2012, filamu fupi kuhusu wanawake wanaojichubua kwa mkorogo na watoto wanaorithi kuichukia ngozi yao. Alichanganya michoro ya mkono, miili ya wacheza ngoma iliyopigwa picha fremu kwa fremu, na kompyuta. Ile hali ya mkono kutetemeka juu ya picha ya ngozi halisi ndiyo inayouma. Kompyuta peke yake ingeilainisha, ikawa tangazo la losheni. Uganda nako Raymond Malinga na wenzake walitoa "A Kalabanda Ate My Homework" mwaka 2017, wakichukua zimwi wa mabweni ya shule za Uganda.

Mukii na Malinga wote walikuwemo mwaka 2023 katika "Kizazi Moto", mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni uliotolewa na Disney. Waongozaji walitoka Afrika Kusini, Misri, Kenya, Nigeria, Uganda na Zimbabwe. Jina ni Kiswahili kitupu, na Mtanzania hakuwemo kati ya waongozaji wale. Ni lile lile la Tingatinga kwa sura nyingine: tumetoa jina.

Wamasai wa Kenya wana hadithi ya zimwi aliyempenda msichana, akaja kuanguka, na vidole vyake vikawa vilima vya Ngong. Kwame Nyong'o aliifanya katuni mwaka 2011, "The Legend of Ngong Hills". Wachaga wana ya kwao, ya vilele vya Kilimanjaro, na ni nzuri sana kwa kuchorwa. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Akapewa. Akarudi tena kuomba, na tena, mpaka Kibo akachoka, akachukua mchi akampiga nao. Ndiyo maana Mawenzi amechongoka mabega hadi leo. Ukiwa huku kwetu magharibi, Kibo ndiye anayejaza macho asubuhi, na Mawenzi yuko mbali upande wa pili. Mtoto wa Sanya Juu akisimuliwa hadithi hii huwa anamchora Mawenzi kichwani. Mimi sijaiona bado kwenye kioo cha pale stendi.

Kazi ya kuitengeneza inaanzia mahali pa bei nafuu. Simu nyingi zinapiga picha, na ziko programu za bure za kuunganisha michoro. Karatasi inatosha kwa kuanza.

Mzazi, ukiwa sokoni ongeza daftari moja ambalo si la somo lolote. Na mwalimu wa watoto hawa, shikamoo kama umenizidi umri: ukikuta mchoro kwenye pembe ya daftari la hisabati, kabla ya kuinua fimbo, shika kurasa zote kwa pamoja, uziachie kwa kidole gumba, utazame kwanza kama kuna kitu kinatembea.